Mlivyoikata Besi ya Sele Nanga

Siku hizi kijana akikwambia muziki huu una besi, maana yake vikombe vinatetemeka kabatini na mtoto mchanga wa jirani kaamka analia. Hiyo ndiyo mnaita besi. Wanangu, hicho ni kishindo. Kishindo hata lori la mchanga linacho.

Mimi ni Somoe, wa Mtanda hapa Lindi mjini. Nimezaliwa Rutamba, shule nimeishia darasa la tatu kwa sababu shamba la mihogo lilihitaji mikono yangu kuliko mwalimu alivyonihitaji. Kwa koo hili nililopewa na Mwenyezi Mungu nimejenga nyumba ya matofali na nimesomesha watoto, na wengine sasa wananisahihisha ninavyoandika. Nimeimba kwenye bendi za dansi mpaka goti liliponiambia inatosha. Sikuandika haya niombe sifa, sifa ninazo. Nimeandika kugomba.

Nagomba kwa sababu mnanipa mimi kitu ambacho si changu. Tangu hapa mpaka Kilwa hakuna harusi inayopita bila kupigwa ule wimbo wangu wa "Umeketi, Mwanangu". Mtangazaji redioni akiupiga anasema, huyo ni Bi Somoe, sauti ya dhahabu, na wenzake. Akiwa amesoma kidogo atamtaja na aliyepiga gita la solo. Kuna mmoja alimtaja hadi mwenye vyombo, mtu ambaye siku ile alikuwa amelala garini. Aliyepiga besi hajatajwa hata siku moja. Na kama angekuwa kapiga besi ya kawaida nisingefungua mdomo.

Huyo ni Selemani wa Kilwa Kivinje. Sisi tulimwita Sele Nanga, kwa sababu bendi nzima inaweza kuchukuliwa na upepo, mpiga solo kalewa sifa, mpiga dramu kamwona mchumba wake mlangoni, yeye yuko pale pale, na wote mtarudi kwake.

Sele hakuwa na bendi. Alikuwa mtu wa kuazimwa. Bendi yoyote ya huku kusini ikiitwa Dar kurekodi, gari lilikuwa linakata kona Nangurukuru, linashuka Kivinje kumchukua. Mpiga besi wa bendi yenyewe ameachwa nyumbani, kaambiwa maneno matamu kwamba apumzike, atapiga kwenye madansi. Tena huyo aliyeachwa ndiye aliyemwazima Sele gita, maana Sele hakuwahi kuwa na gita lake. Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mngefanyiana nyie wa leo mngetoana macho. Lakini gita likirudi, mwenyewe alilikuta limesafishwa, nyuzi zinaita kama mpya, na hasira inapoa hapo hapo.

Siri ya hizo nyuzi naijua mimi, maana akija Lindi mazoezini alikuwa anazichemshia jikoni kwangu. Mara ya kwanza kaja asubuhi, kabisha hodi, kaomba sufuria. Nikampa nikijua anataka kupika chai. Kurudi naona nyuzi nne zimejikunja majini zinachemka kama tambi.

"Sele, hiyo ni sufuria yangu ya wali."

"Na mimi huu ndio wali wangu," akasema. "Uchafu wa vidole ukikaa kwenye uzi, sauti inakuwa kama ya mtu mwenye mafua. Ukichemsha, mafua yanatoka."

"Yanatoka yanakwenda wapi? Si kwenye sufuria yangu?"

"Basi nitakuachia maji uoshee koo."

Nyuzi mpya zilikuwa hazipatikani, mtu alikuwa anapiga nazo mpaka zinakatika. Nyie mna duka la kila kitu kwenye simu, uzi ukichakaa mnatupa. Sawa. Ila ujue kuchemsha. Na ujue kukata kipande cha sponji ya godoro ukakipachika chini ya nyuzi, kule mwishoni zinakofungiwa, ili sauti ije nene na fupi, isibaki ikining'inia ovyo. Na ujue kupiga kwa nyama ya kidole gumba, wala si kwa ukucha. Sele alisema ukucha unasema na masikio, nyama inasema na mgongo.

Niwaambie alivyopiga, maana wengi mmecheza juu ya kazi yake bila kuijua.

Tulikuwa na wimbo wa wakulima wa korosho, mtu anapeleka gunia ghalani. Besi yake inachechemea. Anapiga moja, anapiga ya pili, pale sikio lako linapongoja ya tatu anairuka, anaikuta mbele. Mazoezini mpiga dramu alikasirika, akasema huyu mzee wa Kivinje hajui kuhesabu. Sele akamjibu taratibu, "Bwana, umewahi kubeba gunia? Mwenye gunia begani hakanyagi sawa." Nendeni mkausikilize tena huo wimbo. Mtamwona mtu anapita, na gunia limemwelemea bega la kulia.

Kuna na ule niliomwimbia mama yangu alipofariki. Ubeti wa kwanza mzima Sele hakupiga kitu. Nikiwa naimba niligeuka kumtazama, nikadhani waya umechomoka. Kumbe katulia, kidole kiko juu ya uzi. Nikaimba nikiwa kama mtu anayetembea kwenye nyumba isiyo na sakafu. Nilipofika pale ninaposema nimerudi nyumbani hakuna wa kuniitikia, akapiga sauti moja tu, ya chini kabisa, akaiacha ife yenyewe. Niliisikia kwenye nyayo. Baadaye nikamuuliza kwa nini alininyima besi ubeti mzima. Akasema, "Si umefiwa? Nilitaka uone kulivyo bila mtu."

Huyo ndiye mnayemwita "na wenzake".

Sasa huo wimbo wa harusi. Tuliurekodi Dar, kwenye chumba kimoja, kipaza sauti kimoja katikati yetu. Spika ya besi ilikuwa inawameza wengine, kwa hiyo mpiga besi aliketishwa nje kwenye ujia, mlango ukaachwa wazi kidogo. Hakunisikia vizuri. Alikuwa ananitazama bega, bega langu likipanda anajua navuta pumzi, naye anajiandaa. Leo mnavaa vile vya masikioni na bado mnapishana.

Wimbo unaanza na neno "umeketi". Nilimtungia mama anayemwambia binti yake, umeketi, mwanangu, sasa nisikilize. Tukaupiga mara ya kwanza, Sele akanyanyua mkono kule nje.

"Somoe. Huyu binti amekaa saa ngapi? Mimi sijamwona akitoka ndani."

"Sele, huo ni wimbo tu."

"Wimbo wa harusi. Huku kwetu bibi harusi anatoka chumbani anakuja mkekani watu wanamtazama. Wewe unamwambia umeketi, bado yuko nyuma ya pazia. Njoo hapa mlangoni kwangu. Tembea, ukaketi kwenye kile kiti, kama wewe ndiye unatolewa."

Nilikuwa na viatu vya kuazima, vya mke wa mpiga dramu, virefu na vimenizidi. Nikaenda polepole nisianguke. Katikati ya chumba kisigino cha kushoto kikachomoka. Nikasimama kidogo, nikarudisha mguu ndani, nikaendelea, nikaketi. Muda wote huo Sele ananifuata na besi peke yake, macho kwenye miguu yangu. Nilipoketi akanyamaza, na kwenye kimya hicho nikaimba "umeketi".

Mnapajua pale katikati ya mwanzo besi inapoteleza, inasita, halafu inashika njia tena? Pale ambapo wanawake wote hupiga vigelegele? Kile ni kisigino changu. Sele alikichukua kikiwa kibichi akakiweka kwenye wimbo. Wanawake wa pwani hii walielewa bila kufundishwa. Wimbo ulipotoka tu, somo, yule kungwi anayemfunda bibi harusi, alijua ampitishe pazia besi inapoanza, na pale penye kuteleza asimame, ainamishe kichwa, vigelegele, aendelee. Kwenye neno "umeketi" awe amekwisha kukaa. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Iko miguuni mwa watu.

Fundi mitambo siku ile alilalamika. Alitoa kichwa dirishani akasema, "Mwanzo mrefu huo, wazee. Hakuna anayeimba. Kateni, muanze na sauti ya mama."

Sele akamwambia, "Basi mwambie bibi harusi akimbie."

Tukacheka wote, na fundi naye akacheka, na mwanzo ukabaki.

Mwaka huu, korosho zilipokwisha kuuzwa na watu wana nafasi, jirani yangu Fatu akamwoza binti yake Rehema. Fatu ni mtoto wa Sele. Alipoolewa yeye mwenyewe, bendi yetu ilipiga ule wimbo hapa hapa Mtanda na yule mpiga besi wetu wa kuachwa nyumbani ndiye aliyeshika besi, kwa sababu Sele alikuwa Dar, ameazimwa na watu wengine. Mabinti za watu wote wametoka na besi yake, binti yake katoka na besi ya mtu mwingine. Aliwahi kuniambia hilo mara moja tu, wala hakulirudia. Tangu hapo kapatwa na kiharusi, mkono wa kushoto umekufa, hawezi tena kushika gita.

Kaja kutoka Kivinje siku moja kabla, na bakora yake, kaketi barazani kwangu.

"Nanga. Kumbe bado hujafa."

"Nakungoja wewe utangulie, Somoe. Wewe ndiye wa kuharakisha kila kitu." Akanywa chai yake. Halafu akasema, "Mjukuu atatoka na ile?"

"Atatoka nayo."

"Yenyewe? Siyo ya hawa wa kinanda?"

"Yenyewe. Ya kidole chako na kisigino changu. Mimi nakuahidi."

Hakuomba kitu kingine, na mimi niliahidi kwa mdomo huu. Shikeni hapo.

Siku ya siku, baada ya alasiri, turubai limefungwa uwanjani kwa Fatu, mkeka mzuri katikati, maspika mawili marefu kama makabati. Mwenye muziki ni kijana wa mjini anaitwa Chidi, ndiye mshereheshaji pia. Nikamfuata mapema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ule wimbo wangu, bibi harusi anapotoka, uanze mwanzo kabisa."

"Bibi, usiwe na presha. Huo wimbo ndio kazi yangu, kila wikiendi naupiga. Leo nitaupiga mwenye wimbo ukiwepo, heshima iliyoje."

Nikaridhika. Tumemweka Sele mbele, karibu na mkeka, kavaa kanzu na kofia nzuri, mkono mbovu umelala pajani. Chidi akatangaza. Nikaona pazia la mlangoni linatikisika, somo yuko ndani anamwinamia Rehema amvalishe kiatu cha pili. Wanangojea besi, maana somo ni wa rika langu na hajui kutoka kwingine.

Spika zikapasuka na sauti yangu: "Umeketi, mwanangu, umeketi..."

Bibi harusi yuko nyuma ya pazia na kiatu kimoja.

Watu wanatazamana. Ndani somo kapigwa na butwaa, anamvuta, anamsukuma. Wimbo unakwenda, mama wa kwenye wimbo anamwusia binti ambaye hayupo. Mwishowe Rehema akatoka. Kanyanyua gauni kwa mikono miwili, anakimbia kwa hatua ndogo ndogo, kiatu cha pili anakiburuza, akajitupa mkekani kama mtu aliyekimbilia basi.

Bibi harusi alikimbia. Lile neno ambalo Sele alilisema kwa mzaha, kaliona kwa macho yake, tena kwa mjukuu wake. Nilimtazama. Alivuta kofia ikashuka kidogo usoni.

Nikainuka na goti langu.

"Zima."

"Bibi?"

"Zima nimesema. Rudisha mwanzo."

"Huu ndio mwanzo, bibi."

"Besi iko wapi?"

Chidi akaona nimeshindwa kusikia, akazungusha kile kidude chake, turubai zima likatetemeka, na mzee mmoja akashika kikombe chake. "Besi si hiyo? Ipo ya kutosha, bi mkubwa."

"Sikuomba kishindo. Kabla sijaimba kuna mtu anapiga peke yake. Yuko wapi huyo?"

"Aa, ile." Akajikuna. "Ile intro walishaikata kitambo. Ilikuwa inaboa, bibi. Haina maneno, watu wanaangaliana tu."

"Nani kaikata?"

"Mi sijui, nimeukuta hivi hivi. Zote ziko hivi."

Nikawaambia wenye simu watafute. Mabinti wakatafuta, kila simu ikaitika "umeketi", "umeketi", kama kuku wanaoitana. Hakuna hata moja yenye miguu. Wimbo wangu upo kila mahali na umekatwa miguu kila mahali, na mimi mwenye wimbo, ambaye goti limenizuia maharusi na redioni mtangazaji huongea juu ya mwanzo, ndiyo kwanza naambiwa pale, mbele ya aliyeipiga hiyo besi.

Mlitaka nifanye nini? Niliahidi. Nikamgeukia bibi harusi.

"Rehema, rudi ndani, mwanangu."

"Bibi, si nimeshatoka?"

"Hujatoka bado. Kavae kiatu."

Fatu akanishika mkono, "Bi Somoe, watu wanatuangalia." Nikamwambia waangalie, ndicho walichoitiwa. Rehema akanyanyuka, akarudi, pazia likafunga.

Nikasimama karibu na mkeka nikaanza ile besi kwa mdomo. Sauti ya mwanamke haifiki kule chini besi ya Sele ilikokaa, lakini mwendo niliujua, si ni miguu yangu? Dum, du-dum, dum. Nikiwa peke yangu nilionekana kichaa, najua, niliona kijana mmoja anacheka. Kisha Fatu, ambaye ndiye kwanza alikuwa ananizuia, akaingia. Halafu wale wa rika langu, mmoja, wawili, safu nzima ya nyuma, midomo imefungwa, wanavumisha. Wanawake waliotoka na besi hiyo miaka yote hiyo hawakuwa wameisahau. Pazia likatikisika.

"Somoe."

Ni Sele. Kofia imerudi juu.

"Unaharakisha."

Vilevile alivyoniambia maisha yetu yote. Nikapunguza, na wengine wakapunguza. Rehema akatoka na somo wake, viatu viwili, polepole. Tulipofika pale pa kuteleza tukateleza, akasimama, akainamisha kichwa, vigelegele vikapanda mpaka barabarani. Sele hakututazama sisi. Alikuwa anatazama miguu ya mjukuu wake, na mkono wa kulia, ule mzima, ulikuwa unabonyeza vidole juu ya mkono wa kushoto, hapa, hapa, na hapa, kama vile ule mkono uliokufa ndio shingo ya gita. Rehema alipogusa mkeka, vidole vikasimama. Sisi tulizidisha pigo moja. Yeye hakuzidisha.

Nikaimba "umeketi". Koo limechakaa, nikaimba hivyo hivyo.

Baadaye tunakula biriani akaniambia, "Sauti imekwisha, Somoe." Nikamwambia, "Na mkono umekwisha, Nanga." Akasema, "Lakini katembea vizuri yule mtoto." Kesho yake kaondoka kurudi Kivinje.

Basi nyie mnaopiga muziki, na mnaotangaza, na mnaokata: huo mwanzo haukuwa mtupu. Kulikuwa na mtu ndani yake. Mkiona mahali pa wimbo hapana maneno, kabla hamjashika mkasi muulize nani anatembea hapo. Na jina lake mnalo sasa, nimewaandikia, hamna kisingizio.

Yule Chidi nilimsamehe, maana mwishoni alinyanyua simu akaturekodi, nikasema huyu kaelewa. Juzi mjukuu wangu kaniletea simu. "Bibi, umesambaa, watu wanakupenda." Nikavaa miwani. Nikaona mkeka, nikaona turubai, nikajiona mimi na kitambaa changu cha kichwa. Rehema amekwisha kaa. Imeanzia kwenye "umeketi".

Mwanzo wote, Fatu, wale wanawake, vigelegele, vidole vya Sele, Chidi kaukata. Chini yake kaandika, na watu wamemsifu kwa hilo: "Bibi anaimba bila muziki."